Ncha ya Pili ya Kamba

Aliyepanda jukwaani bila kualikwa alikuwa Mama Shimba, muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni. Alipanda huku kanga inamdondoka na ndala moja ameiacha kwenye ngazi.

"Mfungue! Mfungue mtoto wa watu, shetani wewe!"

Alikuwa anamwambia Jonathan, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kupewa nafasi ya baba katika mchezo. Jonathan, na ndevu zake za pamba, akarudi nyuma mpaka akajisokota kwenye pazia. Mama Shimba akapiga magoti, akalifungua fundo la kamba kiunoni mwa Suzana, mwigizaji aliyecheza mtoto asiyeona wala kusikia, akamkumbatia kwa nguvu zote. Suzana, anayeona vizuri na kusikia hata anavyosengenywa, ilibidi afumbe macho zaidi asije akacheka. Ukumbi wa kata pale Kirumba ukalipuka kwa vigelegele.

Safu ya nyuma kabisa alikaa Paskazia, na mikono yake haikutulia. Mara aikunje, mara aishike saa yake, mara aufinyange mfuko wa nailoni mpaka jirani yake akamtazama. Mchezo ule ulikuwa habari yake. Yeye ndiye mwalimu aliyechezwa pale mbele na Hellen, kwa sketi iliyopigwa pasi na sauti ya kuamrisha ambayo Paskazia hakujua kama anayo. Na mtoto yupo kweli: anaitwa Akelo, ana miaka kumi, surua ilimchukua macho na masikio kabla hajajua kusema hata "mama". Paskazia alikuwa akimfundisha kwa mikono, kiganja kwa kiganja, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya majembe ya shule.

"Baba gani huyo!" mtu akapaza sauti. "Anafunga mtoto kama mbuzi!"

"Si ndiye yule?" mwingine akadakia. "Pale mlangoni. Si Odoyo yule?"

Vichwa vikageuka. Paskazia naye akageuka. Baba wa kweli wa mtoto wa kweli alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri. Hakuna aliyemwalika. Alisikia tu, kama Kirumba nzima ilivyosikia, kwamba kuna mchezo wa bintiye. Wakaanza kumzomea. Odoyo akavaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa, akatoka.

*

Yote haya yalianzia kwenye kibanda cha video cha Revocatus.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilimwagwa barabarani, magari ya viwanda vya minofu yalipanga foleni kusubiri sangara, na mtu yeyote mwenye televisheni na deki alikuwa na sinema yake. Revocatus alikuwa na vyote viwili, pamoja na kikundi cha sanaa alichozunguka nacho vijijini kuigiza habari za kipindupindu na vyandarua. Siku moja, kati ya kanda za karate, akapata sinema ya zamani isiyo na rangi: mwalimu wa kizungu na mtoto asiyeona wala kusikia. Watu waliingia wakitarajia mateke. Wakakaa kimya mpaka mwisho, kisha wakadai irudiwe.

Paskazia alikuwamo humo ndani, kwenye benchi la mbele, analia tangu mwanzo. Kwa mara ya kwanza kazi yake, ambayo mwalimu mkuu aliiita "kumshika shika yule mtoto", ilikuwa inatazamwa na watu waliotoa kiingilio. Alijiona. Alijiona mkubwa.

"Mwalimu," Revocatus alimwambia walipotoka, "ya kwetu iko wapi? Si unayo wewe? Tutaanza na jukwaa, kisha tunapiga video. Nieleze, ulipomkuta kwao hali ilikuwaje?"

Angeweza kumwambia mengi. Kwamba nyumba ilikuwa safi. Kwamba mtoto alikuwa amekatwa kucha na kupakwa mafuta, na baba mtu ni mjane anayepika mwenyewe. Lakini alijua sinema inataka nini, maana alikuwa ametoka kuiona. Akasema:

"Nilimkuta amefungwa kamba. Kiunoni. Kwenye nguzo ya nyumba."

Macho ya Revocatus yakawaka kama taa ya karabai. Na tangu dakika ile kamba ikawa ndiyo mchezo wenyewe.

*

Kila asubuhi Odoyo alimleta Akelo mpaka mlangoni mwa darasa, akamkabidhi, akaondoka bila kuingia. Jumatatu iliyofuata onyesho lile hakuondoka.

"Shikamoo, baba Akelo."

Hakuitikia. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Paskazia aanze kuhangaika na chaki asizozihitaji.

"Nani mwingine ameingia nyumbani kwangu, mwalimu?" Odoyo aliuliza. "Nataka kujua tu. Hawa wacheza ngoma wako waliiona wapi kamba yangu?"

"Mimi ndiye niliyewaambia."

"Vizuri. Basi nami nikwambie. Leo pale Mwaloni wananiita Baba Mbuzi. Mpaka vijana wa kubeba barafu. Nimesikia Jumamosi mnaupiga picha mchezo wenu, uonyeshwe mji mzima na miji mingine. Sawa. Mkiupiga ulivyo, Jumatatu mimi na mtoto wangu tuko Buzuruga, tunapanda basi, tunarudi kwetu Shirati. Huko hakuna video."

"Na masomo yake?"

"Utamfundisha yule mwingine. Yule wa jukwaani. Si anaelewa haraka?"

Akaondoka. Akelo, ambaye hakuona wala kusikia kitu, alikuwa ameshaitafuta saa ya Paskazia na kuigonga kwa kidole. Ndivyo alivyomwita mwalimu wake: kwa kugonga saa. Alikuwa na ishara ya uji, ya jua, ya choo, ya baba, ambayo ni kusugua kidevu, na nyingine nyingi zilizochukua miaka miwili kumwingia. Shirati nzima hakukuwa na mtu mmoja wa kuzipokea. Akienda huko atagonga, atasugua, atauliza, mikono itarudi mitupu. Na siku moja ataacha. Paskazia alijua watoto walioacha. Hawarudi tena pale walipofika.

*

"Itoe kamba," alimwambia Revocatus jioni ile ile.

Revocatus alikuwa juu ya ngazi anatundika waya wa antena. "Nikiitoa kamba nabaki na nini? Mwanamke mmoja anamshika mtoto mkono saa nzima?"

"Ndivyo kazi yenyewe ilivyo!"

"Ndiyo maana hakuna anayeilipia kiingilio, dada yangu. Sinema inataka mtu wa kushindwa. Umeiona mwenyewe."

"Huyo wa kushindwa ana jina. Anaishi hapo chini."

"Nitambadilisha ndevu."

"Revo!"

"Nitamfanya Mjita. Mkerewe. Unataka nini? Mpiga picha anatoka Nyegezi na kamera ya kuazima, ni Jumamosi tu." Akashuka, akapangusa mikono. "Na isitoshe, uliniambia ni kweli. Ni kweli au si kweli?"

Paskazia akazunguka kile kibanda, akatoka, akarudi. Ilikuwa kweli, hapo ndipo penye uchungu. Aliiona kamba, aliiona nguzo. Alichokuwa hajawahi kufanya ni kuuliza.

"Ngoma utaipiga?" akauliza ghafla.

Hiyo ilikuwa desturi ya kikundi tangu enzi za kipindupindu. Katikati ya mchezo ngoma inapigwa, waigizaji wanasimama kama sanamu, na mtazamaji asiyekubaliana na anachokiona anapanda, anachukua nafasi ya mwigizaji na kuendelea anavyotaka yeye. Mama Shimba siku ile alishindwa tu kuisubiri ngoma.

"Kwenye video? Hapana. Wataniharibia mkanda."

"Usipoipiga watapanda tu, uliona mwenyewe. Ipige, Revo. Hilo tu. Kamba yako baki nayo."

Revocatus alimtazama kwa kumshuku, kama mtu anayeuziwa samaki kwa bei rahisi mno. Kisha akakubali.

Kumpata Odoyo ilikuwa kazi nyingine. Alimfuata Mwaloni kila siku baada ya vipindi, na kila siku Odoyo alikuwa na shughuli: anapakua, anabishana na mtu wa mizani, anafunga turubai. Ijumaa alimziba njia kati ya mafungu ya samaki.

"Kesho uje ukumbini."

"Nikazomewe mara ya pili? Ile ya kwanza haikuwashibisha?"

"Ngoma ikipigwa, upande. Useme mwenyewe kamba ilikuwa ya nini. Mimi sikukuuliza. Niliingia, nikaona, nikatoka na jibu langu."

"Na mimi siigizi, mwalimu. Mimi nauza samaki. Nipishe, barafu inayeyuka."

Akampisha. Angefanya nini?

*

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka madirishani, maana watu walisikia watatokea kwenye video na kila mtu alikuja na shati lake la Krismasi. Paskazia alikaa safu ya mbele na Akelo. Alimsimulia yote kiganjani: watu wengi, joto, mtoto anacheza. Akelo alikuwa ameweka nyayo zake wazi kwenye mbao za mbele za jukwaa, na kila Hellen alipopita kwa viatu vyake vya kisigino mtoto aliuhisi mtikisiko, akaguna. Paskazia kila mara aligeuka kuutazama mlango. Hellen akaingia katika nyumba ya jukwaani. Akaiona kamba. Akapiga ukelele ambao Paskazia hakuwahi kuupiga maishani mwake.

Ngoma ikalia.

Jonathan akaganda, mkono hewani. Hakuna aliyesogea. Mpiga picha akamtazama Revocatus, Revocatus akamwinulia kidole mpiga ngoma kwamba inatosha, endelea.

"Ngoja," sauti ikasema kutoka dirishani.

Odoyo hakupita mlangoni safari hii. Aliingia kwa dirisha la pembeni, na koti lake la kazi, magamba ya samaki bado kwenye mikono yake. Watu wakaanza, "Baba Mbuzi! Baba Mbuzi!" lakini alikuwa ameshapanda, na mtu akishapanda, desturi ni kumsikiliza. Akamwambia Jonathan, "Toka," na Jonathan akatoka kwa furaha kubwa.

"Shikamoo mzee," Suzana akanong'ona, huku amesahau kwamba yeye ni kiziwi. Ukumbi ukacheka.

Odoyo aliifungua kamba kwenye nguzo. Akaitazama, akaivuta kuijaribu, mazoea ya mtu wa nyavu. Halafu akajifunga ile ncha kiunoni mwake mwenyewe.

"Mnaona ncha moja," alisema. "Nikiwa nyumbani nashona nyavu, ya pili ilikuwa hapa. Hapa! Siku nzima. Anaenda, nakwenda. Nikiingia ziwani kutafuta chakula chake, naifunga kwenye nguzo, kwa sababu mlango wangu unatazama maji. Ningemwachia nani? Mama Shimba, wewe uliyepanda juzi kumfungua. Ningekuachia wewe?"

"Ungeniomba!" Mama Shimba akajibu kutoka safu ya pili.

"Nilikuomba. Ukasema ana pepo, asije akawagusa wanao."

Mama Shimba akaitengeneza kanga yake, akaitengeneza tena.

Paskazia alikuwa amesahau kusimulia. Akelo alikuwa anamgonga saa kwa hasira: nini? nini? Paskazia akamsugua kidevu. Baba. Akamwelekeza mkono mbele. Hapo. Akelo akasimama, akamvuta, na Paskazia akajikuta anapanda jukwaani na mtoto, mbele ya kamera, hana mpango wowote.

Akelo alimgusa baba yake tumboni na kumjua kabla mkono haujafika kidevuni. Kisha akaipata kamba. Akaifuata kwa mikono miwili, kidogo kidogo, mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kiuno cha mtu mwingine. Akampapasa Suzana usoni. Akamnusa. Akamsukuma mabegani kwa mikono miwili, na Suzana akaketi chini kwa kishindo.

"Jamani!" akasema Suzana. "Chukua, mwenzangu, chukua!" Akaivua haraka.

Na Akelo akaichukua, akajizungushia kiunoni, akaikaza kwa fundo.

Ukumbi ukaguna. Paskazia alihisi kila kitu kinamporomoka: miaka miwili, ishara zote zile, na mtoto mbele ya kamera anajifunga mwenyewe. Alinyoosha mikono kumzuia. Lakini Akelo alikuwa anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kamba ikanyooka. Akaivuta mara mbili.

Odoyo, bila hata kufikiri, akavuta mara mbili.

Akelo akacheka. Akavuta tena, safari hii kwa kirefu, akangoja. Baba akavuta. Akavuta kidogo kidogo, haraka haraka, akangoja tena, kichwa ameinamisha pembeni, uso wote unasubiri. Paskazia aliujua uso ule. Ndio uso aliokaa nao kila siku katika stoo ya majembe, na alikuwa amewaambia watu, na Hellen alikuwa amelisema kwa sauti jukwaani, kwamba kabla ya mwalimu mtoto huyu hakuwahi kuzungumza na mtu.

"Hayo ulimfundisha wewe?" Paskazia akamnong'oneza Odoyo.

"Yapi?"

"Hayo ya kuvuta."

"Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ananisumbua nikishona. Anavuta, nami navuta kumwambia atulie, angoje. Anavuta tena. Kutwa nzima."

"Baba Akelo, mtoto alikuwa anaongea na wewe."

Odoyo akamtazama, akaitazama kamba. "Anasema nini?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Sijui! Hajaniambia mimi. Amekwambia wewe."

"Semeni kwa sauti huko!" watu wa nyuma wakapiga kelele. "Hatusikii!"

Akelo alivuta mara moja ya mwisho. Safari hii kamba haikujibu kitu, maana baba yake alikuwa anaogopa kuvuta asilolijua. Mtoto akangoja. Kisha akalifungua fundo, akaidondosha kamba sakafuni, akaketi ukingoni mwa jukwaa na miguu yake inaning'inia.

Baadaye Revocatus aliurudisha mkanda nyuma akautazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akashika kichwa. "Watu wawili wamesimama tu! Hakuna kinachoonekana! Hii lazima niikate."

"Ukikata hapo nami nakukata wewe," alisema Odoyo, na hakutabasamu.

Paskazia alimkimbilia Odoyo nje. "Kwa hiyo Jumatatu mtakuja?"

"Jumatatu nilisema nini? Mchezo mmepiga, na kamba imo. Sijasema kitu kingine."

*

Jumatatu kengele ililia na mlango wa stoo ya majembe ukabaki mtupu.

Paskazia alipanga vitu vya somo: kikombe, jiwe, gunzi, kitambaa. Akavipangua. Akaenda mpaka getini, akarudi. Aliwaza kukimbilia Buzuruga, akajua basi la Musoma, linalopeleka watu wa Shirati, limeshaondoka, akaenda tena getini hata hivyo. Mwalimu mkuu akamuuliza kama ana ugonjwa wa tumbo. Akasema ndiyo.

Walitokea jua likiwa juu, Odoyo na begi la turubai begani, Akelo ameshika mkia wa koti lake. Odoyo akalitua begi chini kwa hasira.

"Mmelikosa basi?"

"Hatukulikosa. Tulilipanda. Tumekaa, kondakta anapiga kelele, huyu akanivuta mkono. Nikamvuta. Akavuta tena. Sijui anasema twende, sijui anasema tusiende. Miaka yote hii sikujua anasema kitu, nikalala usingizi wangu vizuri. Sasa wewe umeniambia anasema." Akamnyooshea kidole. "Nikashuka. Watu wote wananitazama na begi langu."

"Karibu ndani, baba Akelo."

"Sijakusamehe, mwalimu."

"Najua."

"Wala huyo Revo wako. Nimekuja kwa shida yangu." Aliingia, akainamia mlango mfupi, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya debe. "Kuna ishara ya kumwambia mtu angoje?"

"Ipo."

"Nionyeshe hiyo. Ndiyo niliyokuwa naitaka tangu zamani."

Paskazia akaushika mkono wake, mgumu, uliochanjwa na nyuzi za nyavu, akamwonyesha: kiganja kinalazwa juu ya kiganja, kinakandamizwa polepole, kinaachwa hapo. Odoyo akairudia hewani midomo yake ikitembea. Kisha akamgeukia bintiye, akautafuta mkono wake, akaulaza wake juu, akakandamiza, kwa uangalifu wa mtu anayejaribu ubao wa mtumbwi kama utambeba.

Akelo alitulia kabisa. Alikipapasa kiganja cha baba yake, mbele na nyuma, kuhakikisha ni chenyewe kilichosema. Halafu akakishika, akakigeuza, na kuchapa humo ndani jibu fupi, la haraka.

Odoyo akainua uso. "Amesema nini? Mwalimu, amesema nini?"

"Amesema hataki."